Kupiga Hesabu ya Matundu

Wanaopiga hesabu za mifupa kwa kompyuta wana hadithi yao ya mwanzo, na kama hadithi nyingi za mwanzo, huenda imetiwa chumvi kidogo. Ni mwaka 1866, mjini Zürich, Uswisi. Profesa wa anatomia, Hermann von Meyer, ana mfupa wa paja alioupasua kwa urefu. Ndani ya kichwa cha mfupa ule, pale unapoingia kwenye nyonga, hakuna mfupa mgumu bali kitu kama sifongo: nyuzi nyembamba za mfupa zinazopishana na kuacha matundu katikati. Meyer ameona kwamba nyuzi zile hazikukaa ovyoovyo. Zina mistari, na mistari inapinda kwa mpangilio. Anamwonyesha Karl Culmann, mhandisi aliyekuwa akifundisha namna ya kuchora nguvu zinavyopita ndani ya madaraja. Culmann anautazama mchoro, na inasemekana akapaza sauti: hiyo ni kreni yangu!

Alimaanisha kreni ya kunyanyulia mizigo, ile yenye shingo iliyopinda. Akawapa wanafunzi wake kazi ya kuchora mistari ya mvuto na mgandamizo ndani ya kreni yenye umbo la mfupa wa paja. Mistari yao ikafanana na nyuzi za Meyer. D'Arcy Thompson aliisimulia habari hiyo kwenye kitabu chake cha 1917, *On Growth and Form*, na tangu hapo haijaacha kusimuliwa. (Mmoja wa wanafunzi wa Culmann aliitwa Maurice Koechlin. Huyo ndiye aliyekuja kuchora, pamoja na mwenzake, mchoro wa kwanza wa mnara ambao leo tunauita wa Eiffel. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema mnara wa Paris umeigwa kutoka kwenye mfupa wa paja, jua anapita njia hiyo, na anapita kwa haraka mno.)

Ninaanzia Zürich kwa sababu nimekuwa nikifuatilia kazi ambayo kwa mbali inaonekana ya jana tu: viunzi vyenye matundu vinavyochapishwa kwa printa ya 3D, vikawekwa mwilini ili mfupa au gegedu liote juu yake, na modeli za kompyuta zinazoamua matundu hayo yawe makubwa kiasi gani, mangapi, na yafunguane vipi. Ukisoma maandiko ya wenyewe unadhani yote yalianza na printa. Hapana. Printa ilikuja mwisho, karibu kama mgeni aliyefika chakula kikiwa tayari mezani.

Kwanza tuelewane kiunzi ni nini. Fundi akijenga ukuta mrefu husimamisha jukwaa la mirunda, hupanda juu yake na kujenga, na ukuta ukishasimama hulibomoa na kuondoka na mirunda yake. Madaktari wanataka kitu kama hicho ndani ya mwili. Mtu amepoteza kipande cha mfupa kwa ajali au kwa saratani. Unaweka pale umbo lenye matundu, seli zinapanda, mishipa ya damu inapenya, mfupa mpya unajengwa, na jukwaa lenyewe linayeyuka polepole bila mtu kurudi kulibomoa. Robert Langer na Joseph Vacanti waliipa fani hii sura yake inayojulikana katika makala yao kwenye jarida la *Science* mwaka 1993. Miaka michache baadaye dunia ikamwona panya mwenye kitu kama sikio la binadamu mgongoni. Watu wengi waliapa kwamba panya yule alipandikizwa vinasaba vya mtu. Haikuwa hivyo. Lilikuwa kiunzi lenye umbo la sikio, likiwa na seli za gegedu za ng'ombe. Kiunzi ndicho kilichokuwa habari, lakini nani anataka kusoma habari za kiunzi?

Turudi nyuma kidogo. Julius Wolff, daktari wa upasuaji wa Berlin, aliichukua kreni ya Culmann na kuigeuza sheria. Katika kitabu chake cha 1892 alidai kwamba mfupa hubadili umbo lake la ndani kufuata mzigo unaobeba, na kwamba mabadiliko hayo yanafuata kanuni za hesabu. Nusu ya kwanza imesimama mpaka leo: mwanaanga akikaa angani bila uzito mifupa yake hupungua, na mkono wa mcheza tenisi anaoshikia raketi una mfupa mnene kuliko ule mwingine. Nusu ya pili ndiyo yenye matatizo. Mwaka 1997 Stephen Cowin, mhandisi aliyetumia maisha yake kwenye mifupa, aliandika wazi kwamba sheria ya Wolff imesimama juu ya kosa. Mistari ya Culmann ilichorwa kwa kitu kizima, kigumu, kisicho na tundu, na kinachofanana kila mahali. Mfupa wenyewe umejaa matundu. Huwezi kuchukua hesabu ya kitu kisicho na matundu ukaitumia kueleza matundu, hata kama picha mbili zinafanana mpaka macho yanakubali.

Mimi si mhandisi, ila hoja hiyo ya Cowin naona ndiyo uti wa mgongo wa habari yote hii. Picha mbili kufanana si ushahidi. Tutaona huko mbele mtu akiisahau.

Sasa, tundu lina kazi mbili, na kazi hizo hazipatani. La kwanza, lazima lipitishe vitu. Seli ya mwili haiwezi kuishi mbali na damu. Kwa kawaida haikai zaidi ya mikromita 100 hadi 200 kutoka kwenye mshipa mwembamba wa damu, yaani unene wa nywele mbili au tatu hivi. Kiunzi kikiwa na matundu madogo mno au yasiyofunguana, seli za katikati zinakufa kwa njaa huku zile za pembeni zikistawi. Hesabu ya jambo hilo ilianzia mbali kabisa na hospitali. Henry Darcy, mhandisi wa maji wa mji wa Dijon, Ufaransa, aliyekuwa ameuletea mji wake maji kutoka chemchemi iliyo zaidi ya kilomita 12, alijaza mchanga kwenye bomba la wima, akapitisha maji na kupima. Mwaka 1856 alichapisha kanuni inayosema kasi ya maji kupita kwenye mchanga inategemea tofauti ya msukumo na wepesi wa mchanga wenyewe kupitisha maji. Kanuni hiyohiyo, bila kubadilishwa, ndiyo inayotumika leo kupima kiunzi cha mfupa. Na kutokana nayo unapata jambo ambalo jicho halilioni: ukikuza kipenyo cha matundu mara mbili, huku kiasi chote cha uwazi kikibaki kilekile, maji hupita kwa wepesi mara nne.

Kazi ya pili ni kubeba. Hapa wanaotajwa ni Lorna Gibson na Michael Ashby, walioandika kitabu cha vitu vyenye vyumba vyumba: sifongo, mbao, mkate, mfupa. Walionyesha kwamba kwa povu la kawaida ukakamavu haupungui sawasawa na kiasi unachotoa. Unapungua kwa mraba. Chukua kiunzi ambacho asilimia 70 ni uwazi. Kilichobaki ni asilimia 30. Je, kina asilimia 30 ya ukakamavu wa kitu kizima? La. Ni 0.3 mara 0.3, yaani karibu asilimia 9. Ongeza uwazi hadi asilimia 80, unabaki na asilimia 4. Kumi tu ulizoongeza, na zaidi ya nusu ya ukakamavu imekwenda.

Basi hapo ndipo kiini cha ugomvi kilipo. Damu inataka matundu, mguu unataka mfupa. Ukimpa mmoja unamnyima mwingine. Modeli zote za kompyuta za viunzi, ukizivua mapambo, ni majaribio ya kupatanisha hao wawili.

Kabla ya kompyuta kulikuwa na mbwa. Mwaka 1970 Samuel Hulbert na wenzake, katika chuo cha Clemson, South Carolina, walichapisha matokeo ya kuweka vipande vya kauri vyenye matundu ya ukubwa tofauti kwenye mifupa ya paja ya mbwa. Kwenye matundu madogo kabisa iliota tishu ya nyuzinyuzi tu. Yalipokaribia mikromita 100 mfupa ulianza kujaribu, ila ulikuwa laini, haujakomaa. Yalipozidi 100 ukaingia mfupa wa kweli. Namba hiyo 100 imeishi maisha marefu. Ilinukuliwa na kunukuliwa tena mpaka ikawa kama amri, ingawa ilitoka kwenye kauri ya aina moja na mnyama wa aina moja. Baadaye watafiti walipokusanya tafiti nyingi pamoja walipendekeza matundu yazidi 300, ili mishipa ya damu nayo ipate nafasi.

Hapa naomba nisimame pwani.

Mwaka 1972, kwenye jarida la *Science*, watafiti watatu, Rodney White, Jon Weber na Eugene White, walieleza wazo ambalo mtu wa Lamu au Kilwa angelisikia kwa tabasamu. Walisema: kwa nini tuhangaike kutengeneza matundu wakati bahari imeshayatengeneza? Walichukua matumbawe. Jiwe la matumbawe lina matundu yanayofunguana yote, ya ukubwa unaokaribiana, kila mdudu akiwa amejenga chumba chake karibu na cha jirani. Miaka miwili baadaye Della Roy na mwenzake walionyesha kwamba ukilipika jiwe hilo kwa joto na mgandamizo pamoja na fosfeti, chokaa yake inageuka kuwa haidroksiapatiti, yaani jamaa wa karibu wa madini ya mfupa wetu, na matundu yanabaki vilevile, hayaharibiki. Bidhaa ikaingia hospitalini, ikiwa na matundu ya takribani mikromita 200 kutoka matumbawe ya jenasi ya Porites, na takribani 500 kutoka Goniopora.

Porites! Hilo ndilo jiwe lenyewe. Mafundi wa miji ya mawe ya Waswahili walilikata kutoka baharini likiwa bichi, wakalichonga likiwa bado laini, likaanikwa likawa gumu. Kuta walijenga kwa mawe ya kawaida ya matumbawe ya nchi kavu na chokaa, lakini penye kazi ya mkono, kwenye mihrabu, miimo ya milango na nakshi, walitafuta Porites kwa sababu matundu yake ni madogo na yamelingana, patasi haikwami. Ukienda Kilwa Kisiwani au Songo Mnara bado unaweza kuweka kidole juu yake. Sidai kwamba fundi wa karne ya 14 alikuwa mtaalamu wa tishu, na wala sipendi uandishi unaomgeuza kila babu yetu kuwa mwanasayansi aliyedhulumiwa. Nasema tu kwamba fundi yule na daktari wa Marekani walilichagua jiwe moja kwa sababu moja, nayo ni tundu.

Lakini matumbawe yalikuwa na ubaya wake. Huwezi kumwambia mdudu wa baharini apanue chumba chake hapa na kukibana pale, mgonjwa wako ana taya la namna hii. Tundu la kuazima unalichukua jinsi lilivyo. Kwa muda wote uliotumia tundu la kuazima, hakuna aliyekuuliza kwa nini ni 200 na si 250. Jibu lilikuwa bahari. Siku ulipoanza kulichora tundu mwenyewe, jibu likawa juu yako.

Na kulichora kulihitaji vitu vitatu ambavyo kila kimoja kilitoka kwenye karakana isiyo na habari na mifupa.

Cha kwanza kilitoka kwenye ndege. Mwaka 1956 Turner, Clough na wenzao wawili walichapisha njia waliyoitengenezea mabawa ya ndege huko Boeing: kata umbo gumu kulifikiria katika vipande vidogo vingi, kila kipande kiwe na hesabu rahisi, halafu iachie kompyuta iviunganishe vyote. Uholanzi, mwaka 1972, Brekelmans na wenzake wakaitumia kwenye mfupa wa paja. Mfupa uleule wa Meyer! Safari hii hapakuwa na haja ya mtu kupaza sauti kwamba umefanana na kreni, kwa sababu ungeweza kupiga hesabu ya mfupa kama mfupa.

Cha pili kilitoka kwenye magari. Lee Feldkamp alikuwa mwanafizikia wa kampuni ya Ford, Michigan, akitafuta namna ya kuchungulia nyufa ndani ya vipuri vya kauri bila kuvivunja. Mwaka 1984 yeye na wenzake walitoa hesabu ya kugeuza picha nyingi za eksirei kuwa umbo kamili la pande tatu. Mwaka 1989, pamoja na wataalamu wa mifupa, wakaweka kipande cha mfupa mahali pa kipuri. Kwa mara ya kwanza sifongo la Meyer likaingia kwenye kompyuta lenyewe, uzi kwa uzi, badala ya mchoro wake.

Cha tatu ni printa, na hapa nitapita haraka kwa kuwa yameandikwa mengi. Chuck Hull aliomba hataza yake mwaka 1984. Scott Crump akaja na njia ya kuyeyusha plastiki na kuilaza uzi juu ya uzi. Husimuliwa kwamba wazo lilimjia akimtengenezea binti yake chura wa kuchezea kwa bunduki ya gundi. Kuelekea mwaka 2000, Dietmar Hutmacher na wenzake wa chuo kikuu cha taifa cha Singapore walikuwa wakilaza nyuzi za polikaprolaktoni, plastiki inayoyeyuka mwilini kwa miaka, safu moja ikienda huku na inayofuata ikikatiza, kama mkeka ambao haujabanwa.

Vitu hivyo vitatu vilipokutana, ghafla kila kitu kikawa kinawezekana, na hilo ndilo lililokuwa tatizo. Ukiweza kuchapisha tundu lolote, utachapisha lipi? Scott Hollister wa chuo kikuu cha Michigan alikuwa kati ya walioliona mapema. Wazo lake, alilolieleza vizuri kwenye jarida la *Nature Materials* mwaka 2005, ni kuacha kubahatisha: unaipa kompyuta kijichumba kimoja kinachojirudia, unaiambia ukakamavu unaoutaka na wepesi wa kupitisha majimaji unaoutaka, nayo inatafuta umbo linalokaribia yote mawili. Hesabu za kutafuta umbo bora kwa njia hiyo zilikuwa zimeasisiwa mwaka 1988 na Martin Bendsøe na Noboru Kikuchi. Kikuchi alikuwa hapohapo Michigan.

Wengine walirudi kwa wanahisabati. Alan Schoen, aliyefanya kazi NASA, mwaka 1970 alieleza uso mmoja wa ajabu aliouita giroidi: unapinda bila kukoma, hauna pembe wala mstari ulionyooka, na unagawa nafasi yote kuwa njia mbili zinazozungukana bila kukutana kamwe. Familia ya nyuso hizo ilikuwa imeanza kuchunguzwa karne moja kabla na Hermann Schwarz, ambaye naye aliwahi kufundisha Zürich, kwenye chuo kilekile cha Culmann. Kwa miaka mingi giroidi ilikuwa pambo la rafu za maprofesa kwa sababu hakuna patasi wala kekee ingeweza kuichonga. Printa ikaweza. Leo fungua makala kumi za viunzi, nadhani utaiona kwenye nusu yake. Sababu ni nzuri: haina pembe za kukusanya mkazo na kuanzisha ufa, na njia zake zote ziko wazi. Sababu nyingine, tuseme ukweli, ni kwamba inapendeza kwenye picha.

Mpaka hapa hesabu zote zilikuwa za kitu kilichokufa. Kiunzi kinabebaje, kinapitishaje. Swali gumu ni lile la baada ya kukiweka: nini kitaota? Patrick Prendergast wa Dublin, na Rik Huiskes na Kjeld Søballe, walitoa mwaka 1997 pendekezo ambalo kwa urahisi wake linashangaza. Seli changa, walisema, inasikia mambo mawili: jinsi inavyovutwa upande na jinsi majimaji yanavyopita kando yake. Vikizidi vyote viwili, inakuwa tishu ya nyuzinyuzi. Vikiwa vya wastani, gegedu. Vikitulia, mfupa. Ukiwa na kanuni hiyo unaweza kuiendesha kompyuta siku baada ya siku: tishu inaota, inabadili ukakamavu, mzigo unahama, seli zinasikia tofauti, tishu nyingine inaota. Mwaka 2007 Damien Byrne, Prendergast na wenzao wa Dublin na Barcelona wakaitumia kwenye kiunzi, wakibadilisha vitu vitatu: kiasi cha matundu, ukakamavu wa kitu kilichotumika, na kasi ya kuyeyuka. Jibu walilopata halikuwa namba moja ya kuandikwa ukutani kama ile 100 ya mbwa. Kiunzi kinachofaa chini ya mzigo mdogo kinaweza kuporomoka chini ya mzigo mkubwa. Kinachoyeyuka haraka kinaweza kuondoka kabla ya mfupa haujashika. Bora kwa nani, na wapi mwilini? Modeli ilirudisha swali.

Nimeipenda sana kazi ile kwa sababu hiyo. Ila nayo inaamini kanuni yake yenyewe. Kama seli inasikia kitu cha tatu ambacho hakumo kwenye hesabu, kompyuta haitalalamika. Itaendelea kuotesha mfupa mzuri kwenye skrini.

Sasa Stockholm. Juni 2011, katika hospitali ya chuo kikuu ya Karolinska, daktari wa upasuaji Paolo Macchiarini alimwekea mgonjwa koo la hewa la plastiki. Mgonjwa alikuwa kijana wa Eritrea, mwanafunzi wa uzamili huko Iceland, mwenye uvimbe uliokuwa ukiziba pumzi yake. Plastiki ilitengenezwa London kwa kufuata picha za CT za kifua chake mwenyewe. Ikamwagiwa seli kutoka uboho wake mwenyewe. Ilikuwa na matundu. Ilikuwa na umbo kamili. Novemba mwaka ule jarida la *Lancet* likachapisha taarifa ya mafanikio, na vyombo vikubwa vya habari vikaandika kwamba zama za viungo vya kutengeneza maabara zimefika. Sisi wa kazi hii tunaijua hamu hiyo ya kichwa cha habari chenye neno "kwanza".

Swali la Cowin lilikuwa linangoja mlangoni. Umbo limefanana na koo. Je, ni koo? Koo la hewa liko wazi kwa hewa ya nje na kila mdudu anayepita nayo. Linahitaji ngozi laini ya ndani, na ngozi hiyo inahitaji damu. Bomba la plastiki halikuwa na mshipa hata mmoja wa damu, na seli zilizomwagwa juu yake hazikuwa na njia ya kula. Kazi ya kwanza ya tundu, ile ya Darcy, haikuwa imetimizwa. Wala halikuwa limejaribiwa kwanza kwa mnyama kabla ya kuwekwa kwa mtu. Kijana yule alifariki Januari 2014. Wagonjwa wote watatu waliowekewa mabomba hayo Karolinska wamefariki. Madaktari wanne wa hospitali hiyohiyo walipoandika malalamiko mwaka 2014, uongozi wa taasisi uliishia kumsafisha Macchiarini, ingawa mchunguzi kutoka nje alikuwa ameona makosa. Ilibidi mwandishi wa filamu za habari, Bosse Lindquist, aonyeshe kazi yake kwenye televisheni ya Sweden Januari 2016 ndipo viti vikaanza kutikisika. Mkuu wa taasisi akajiuzulu mwezi uliofuata. Juni 2023 mahakama ya rufaa ilimhukumu Macchiarini kifungo cha miaka miwili na nusu. *Lancet* liliiondoa makala ile mwaka huohuo, miaka 12 tangu ichapishwe.

Namfikiria mwanafunzi yule wa Eritrea kuliko ninavyomfikiria daktari. Hakuna aliyemdanganya kuhusu umbo. Umbo lilikuwa lake kabisa, limetoka kwenye kifua chake.

Kuna mtoto mwingine wa kuwekwa kando yake. Februari 2012, miezi minane baadaye, Glenn Green na Scott Hollister, yuleyule wa kijichumba kinachojirudia, walimfungia mtoto mchanga kutoka Ohio banda dogo la polikaprolaktoni kwenye tawi la koo la hewa lililokuwa likisinyaa kila anapopumua. Nao walianza na picha za CT. Nao walichapisha kwa 3D. Lakini hawakuliondoa koo lake. Walilizungushia kitu kwa nje na kulishona kwacho, lenye damu yake na ngozi yake. Banda lile liliachwa wazi upande mmoja na kupewa mikunjo kama ya kodiani, ili koo likikua lifunguke nalo, na plastiki yake iyeyuke baada ya miaka mitatu hivi. Kompyuta iliulizwa swali dogo: ukakamavu kiasi gani unatosha kuzuia koo lisisinye, na ulegevu kiasi gani unahitajika ili likue? Kifaa hicho walikipima pia kwa nguruwe. Mwaka 2015 wakatoa taarifa ya watoto watatu, wote wakiwa hai.

Si haki kusema mmoja alitumia modeli nzuri na mwingine mbaya. Tofauti ilikuwa kwenye kile walichoitegemea modeli iwafanyie. Ndiyo maana nilipopata mwongozo ambao mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliutoa Novemba 2023 kuhusu modeli za kompyuta kwenye vifaa vya tiba, nilikwenda moja kwa moja kwenye maswali yake ya mwanzo. Hayaulizi umekata mfupa vipande vingapi, wala matundu yako yana umbo gani. Yanauliza modeli hii inajibu swali gani, itachangia uamuzi kwa kiasi gani ikilinganishwa na ushahidi mwingine ulio nao, na uamuzi ukiwa mbaya mgonjwa atapata madhara gani. Kadiri majibu ya hayo mawili ya mwisho yanavyokuwa mazito, ndivyo unavyotakiwa kuleta vipimo vingi zaidi kutoka nje ya kompyuta.